Siku Ambazo Ryan Hakurusha

Ndugu zangu mnaoanza kazi,

Kila ifikapo mwezi wa tano hapa Houston tunapokea vijana wapya kwenye kazi ya viyoyozi, na miaka ya karibuni wengi wao wanazungumza Kiswahili: Wakongo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Watanzania, Wakenya, Warundi. Wanakuja na maswali mawili. La kwanza ni la pesa, na hilo bosi atawajibu. La pili huja baada ya wiki ya kwanza ya kutambaa darini, joto limepita nyuzi 50, jasho linaingia machoni: hivi kazi hii kuna mtu anaifanya mpaka anazeeka?

Wapo. Ila njia yao haionekani ukiwatazama wakiwa kazini, na ndiyo maana nawajibu kwa habari za mtu ambaye jina lake mtalikuta kila kona ya Texas. Barabara ya 288 inayoshuka kusini kutoka Houston, ikiingia kaunti ya Brazoria inaitwa kwa jina lake. Kule Arlington, karibu na uwanja wa timu ya besiboli ya Texas Rangers, kuna barabara nyingine. Wazee mtakaokwenda kuwatengenezea viyoyozi watamtaja kabla hamjafungua hata boksi la vifaa. Ni Nolan Ryan, mrushaji wa besiboli aliyecheza ligi kuu ya Marekani misimu 27, kati ya 1966 na 1993. Alipoanza, rais alikuwa Lyndon Johnson. Alipoacha alikuwa Bill Clinton, na katikati walipita wengine watano.

Kwa ambaye mchezo huu ameuona kwenye filamu tu, nieleze kidogo. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji aliye umbali wa futi 60 na inchi 6, yaani mita 18 na ushee. Mpira ukipita kwenye eneo halali bila kupigwa, au mpigaji akizungusha rungu lake akaukosa, hiyo ni straiki. Straiki tatu, mpigaji anatoka. Lakini mrushaji akirusha nje ya eneo hilo mara nne, mpigaji anatembea bure mpaka beisi ya kwanza bila kutoa jasho. Kumng'oa mtu kwa straiki tatu ndiyo fahari ya mrushaji, kumtembeza bure ndiyo aibu yake. Shikeni hayo mawili, yanatosha.

Ryan aling'oa wapigaji 5,714. Anayemfuata, Randy Johnson, ana 4,875. Ryan huyohuyo alitembeza bure wapigaji 2,795, na anayemfuata kwenye hesabu hiyo, Steve Carlton, ana 1,833. Kwa hiyo rekodi ya fahari ni yake na rekodi ya aibu ni yake, na zote mbili hakuna aliyezisogelea. Watu wa takwimu wamebishana miaka nenda miaka rudi kama alikuwa bora kuliko fulani na fulani. Hakuwahi kupata tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa mwaka, na mechi 324 alizoshinda zimebebana na 292 alizopoteza. Wabishane tu. Kwa mtu anayeanza kazi, ubishi huo hauna faida. Kilicho na faida ni kujua alifikaje msimu wa 27, maana msimu wa tano nusura uwe mwisho wake.

Alizaliwa Refugio, Texas, tarehe 31 Januari 1947, akakulia Alvin, mji mdogo kusini mwa Houston. Baba yake alikuwa na ajira, na juu yake akachukua kazi ya kusambaza gazeti la Houston Post, hivyo mtoto alizoea kuamka usiku wa manane kwenda kukunja magazeti kabla ya shule. Mkono wake ulikuwa wa ajabu tangu ujana, lakini mpira ulikuwa unakwenda unakotaka wenyewe. Mwaka 1965, klabu zilipopokezana zamu za kuchagua vijana wapya, New York Mets ilimchagua raundi ya 12, wakati wachezaji 294 walikuwa wameshachaguliwa. Septemba 1966 akaonja ligi kuu kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 19.

Miaka ya New York haikuwa mizuri. Alikuwa anakwenda na kurudi kwenye jeshi la akiba, kwa hiyo ratiba yake ya kurusha ilikuwa ya kukatika-katika. Vidole vilitoka malengelenge, mpaka mtu wa tiba wa timu akamshauri achovye kidole kwenye maji ya achari ya matango ili ngozi ikomae. Mets walitwaa ubingwa wa 1969 naye akiwemo, pete yake pekee ya ubingwa katika maisha yote ya uchezaji. Lakini alipomaliza pale alikuwa ameshinda mechi 29 na kupoteza 38. Tarehe 10 Desemba 1971 Mets wakamuuza kwa California Angels, yeye pamoja na wachezaji wengine watatu, ili wampate mtu mmoja, Jim Fregosi. Fregosi hakufanya makubwa New York. Baadaye akawa kocha wa Angels, na mmoja wa wachezaji aliowaongoza ni Ryan. Besiboli ina vichekesho vyake.

Sasa tazameni kilichofuata. Mwaka 1972, msimu wake wa kwanza Anaheim, mji wa Angels, aling'oa wapigaji 329 na kushinda mechi 19. Mwaka 1973 aling'oa 383, akavunja kwa mtu mmoja tu rekodi ya Sandy Koufax ya 382. Mwaka huohuo alitoa mechi mbili ambazo timu pinzani haikupata hata pigo moja la halali. Ya pili, dhidi ya Detroit tarehe 15 Julai, ilifika mahali mpigaji Norm Cash akaja uwanjani ameshika mguu wa meza badala ya rungu. Mwamuzi akamrudisha. Hoja yake ilikuwa kwamba hata akiwa na rungu halisi hapati kitu, na kwa siku ile alikuwa anasema kweli.

Mkono ulikuwa uleule wa New York. Kilichobadilika ni kwamba Anaheim alikuta watu wenye muda naye. Kocha wa warushaji Tom Morgan na mdakaji Jeff Torborg, yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, walimrudisha darasa la kwanza: mwili ulikuwa unakimbilia mbele na kuuacha mkono nyuma, ndiyo maana mpira ulikosa njia. Wakamkalisha chini kwenye hatua, bega, na pale guu linapotua. Na yeye akakubali kukaa chini, mtu mwenye pete ya ubingwa.

Hapa ndipo ninapowaomba wageni wa kazi muwe wakali na nafsi zenu. Mwaka wa kwanza usichague kampuni kwa tofauti ya dola mbili kwa saa. Chagua fundi utakayekuwa chini yake. Fundi mzuri kwa saidia fundi ni yule anayekusimamisha mbele ya mashine na kukuuliza kwa nini unataka kubadilisha hiyo kapasita, kile kifaa cha umeme kinachosaidia mota kuwaka, kabla hujaipima. Anakera, najua. Yule anayekuambia "leta ngazi, shika tochi, tulia" ni mtu mpole na utakula naye vizuri, lakini baada ya miaka mitatu utakuwa bingwa wa kushika tochi. Na ukiona mahali ulipo hakuna mwenye muda na wewe, kuhama si usaliti. Ila hama kwa sababu hiyo, usihame kwa hasira. Nimeona vijana wanaohama kila miezi minne, na kila wanapofika wanaanza na ngazi na tochi upya.

Nije kwenye jambo lenyewe.

Mrushaji anayeanzisha mechi hachezi kila siku. Enzi za ujana wa Ryan warushaji wanne walikuwa wakipokezana, baadaye wakawa watano. Maana yake alipanda kichuguu siku moja, kisha siku tatu au nne akawa hapandi. Watazamaji wanalipia ile siku moja. Misimu 27 ilijengwa kwenye zile nyingine.

Uwanja wa Anaheim ulikuwa na mashine ya mazoezi ya vyuma. Wakati ule watu wa besiboli waliamini kwamba vyuma vinakaza misuli na kumharibu mrushaji, kwa hiyo wengi hawakuigusa. Ryan akaanza kuitumia mwaka 1972, kidogo kidogo, akisikiliza mwili wake unasemaje. Hakuacha tena. Alipokwenda Houston Astros alimkuta Gene Coleman, mtaalamu wa mazoezi, wakaongeza utaratibu. Alipokwenda Texas Rangers akiwa na miaka 42 alimkuta kocha Tom House, mtu wa mambo mageni. House aliwafanya warushaji wake warushiane mpira wa futiboli ya Kimarekani, ule wenye ncha mbili, akiamini unamfundisha mtu kurusha kwa umbo sahihi. Timu nyingine zilicheka. House alikuwa mdogo kwa Ryan kwa miezi mitatu, na uchezaji wake mwenyewe ulikuwa wa kawaida tu. Ryan alikuwa na rekodi ambazo House hawezi kuziota. Na bado alikwenda kurusha ule mpira wa ncha mbili pamoja na vijana.

Tarehe 1 Mei 1991, kule Arlington, alikuwa na miaka 44. Kabla ya mechi mgongo ulimuuma, kisigino kilimuuma, akamwambia House amwangalie kwa karibu maana siku ile anajiona mzee. Kisha akapanda kichuguu dhidi ya Toronto Blue Jays, akang'oa wapigaji 16, na Toronto hawakupata hata pigo moja. Ilikuwa mechi yake ya saba ya namna hiyo. Anayemfuata katika historia ni Koufax, mwenye nne. Mtu wa mwisho kung'olewa usiku ule alikuwa Roberto Alomar, na baba yake Alomar ndiye aliyekuwa analinda beisi ya pili nyuma ya Ryan katika zile mechi mbili za 1973. Kamwanzia baba kama mwenzake, kamalizia kwa mtoto kama mpinzani.

Lakini ninachotaka mkione usiku ule ni kilichofuata. Uwanja mzima umesimama, wenzake wamembeba, waandishi wanamtaka. Walipompata alikuwa amekaa juu ya baiskeli ya mazoezi, anakanyaga. Kwa utaratibu wake, mechi ikiisha siku za maandalizi zimeshaanza, na baiskeli ndiyo kazi ya kwanza kwenye orodha. Mechi ya historia haikubadilisha orodha.

Sasa tulete hapa kwetu. Fundi wa viyoyozi anaonekana akiwa darini au nyuma ya nyumba, mbele ya kompresa. Mteja anamlipia ile saa moja. Lakini mimi nikitaka kujua kijana gani atakuwepo baada ya miaka kumi simwangalii darini. Namwangalia saa kumi na moja jioni, gari limerudi, kila mtu anataka kwenda nyumbani. Yupo anayetupa mabomba ya mpira ya geji ya kupimia gesi nyuma ya gari na kufunga mlango. Na yupo anayeyafuta mafuta, anakagua zile pete za mpira kwenye ncha kama zimeanza kupasuka, anaandika kwenye karatasi kapasita na fyuzi zilizotumika leo ili kesho zijazwe, anachomeka betri za drili kwenye chaji, anamwaga maji ya moto yaliyobaki kwenye jagi na kulisafisha. Dakika ishirini. Kesho yake saa sita mchana, mteja mwenye mtoto mchanga na nyumba inayochemka, pete ya mpira ikipasuka gesi inavuja mkononi na kazi inasimama mpaka mtu aende dukani. Yule wa dakika ishirini hayamkuti hayo, na wanaomwona wanasema ana bahati.

Mwili nao uingie kwenye hizo dakika. Magoti na mgongo ndivyo vinavyowatoa watu kwenye kazi hii kabla ya wakati. Kunywa maji kabla ya kupanda darini, usisubiri kiu. Vaa pedi za magoti hata kama wenzako wanakucheka. Nyoosha mgongo usiku. Ryan alikuwa na timu nzima ya kumtunza, sisi hatuna, kwa hiyo tujitunze wenyewe.

Halafu kuna majira ya baridi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja simu zinapungua, saa za kazi zinapungua, na kijana mgeni anaona hiyo ni adhabu. Wengi wanakwenda kutafuta kibarua cha kupakia mizigo, na siwalaumu, kodi ya nyumba haijui baridi. Lakini hata kama unapakia mizigo, jioni mbili kwa wiki kaa na kitabu. Cheti cha EPA 608 ndicho kinachokuruhusu kisheria kushika gesi ya friji. Bila hicho utabaki kubeba mitungi ya gesi uliyokatazwa kuifungua. Mtihani wake si wa kutisha, ni wa kusoma na kuelewa, na Kiingereza chake kina maneno yaleyale yanayojirudia. Aliyeufanya mwezi wa kwanza, mwezi wa tano anapangiwa gari lake.

Jambo jingine ni la hesabu unazopimwa nazo. Mwaka 1979 Ryan alimaliza msimu Angels akiwa ameshinda mechi 16 na kupoteza 14. Mkataba ukaisha. Meneja mkuu, Buzzie Bavasi, alisema pengo hilo ni la kutafuta warushaji wawili wa kushinda 8 na kupoteza 7 kila mmoja. Kihesabu hakukosea hata kidogo. Ryan akaenda Houston Astros, akawa mchezaji wa kwanza wa besiboli kulipwa dola milioni moja kwa mwaka, na akacheza misimu mingine 14. Baadaye Bavasi mwenyewe alikiri kwamba alikosea. Kwa njia, uwanja wa Astros wa wakati ule, Astrodome uliofunguliwa 1965, ulikuwa uwanja mkubwa wa kwanza wa besiboli kufunikwa paa na kuwekewa viyoyozi. Mtu wa fani yetu akipita pale avue kofia.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa 1987. Ana miaka 40, bado yuko Astros. Alishinda mechi 8 na kupoteza 16. Ukiishia hapo utasema mzee kaisha, mpeni saa ya ukutani aende. Lakini mwaka huohuo aliongoza National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, kwa kuruhusu pointi chache zaidi, wastani wa 2.76 kwa kila awamu 9, yaani urefu wa mechi nzima, na akaongoza pia kwa kung'oa wapigaji, 270. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri kuliko mrushaji yeyote wa ligi ile, ila wenzake walikuwa hawafungi, na mrushaji hawezi kushinda mechi ambayo timu yake haipati pointi.

Kazini mtapimwa kwa namba za namna hiyo. Kwetu ni idadi ya wateja wanaopiga simu tena ndani ya mwezi. Ukipangiwa mtaa wa nyumba kuukuu zenye mifereji ya hewa iliyopasuka, namba yako itakuwa mbaya hata ukifanya kazi safi, na mwenzako aliyepangiwa nyumba mpya ataonekana fundi. Kulalamika hakusaidii. Kinachosaidia ni daftari lako mwenyewe: tarehe, nyumba, shinikizo la gesi ulilokuta na ulilowacha, joto la hewa inayoingia na inayotoka, ulichomwambia mteja abadilishe akakataa. Siku ya tathmini unaweka daftari mezani. Bosi mwenye akili atasoma. Asiyesoma, kampuni ya jirani itasoma, kama Houston walivyomsoma Ryan.

Kuhusu kasoro, nina maneno machache. Vijana wanapenda kusikia kwamba mtu akijitahidi kasoro yake inaisha. Ya Ryan haikuisha. Mwaka 1977, kwenye kilele cha nguvu zake, alitembeza bure wapigaji 204 katika awamu 299. Mwaka 1991 alitembeza 72 katika awamu 173. Imepungua sana, lakini bado ipo, na mpaka mechi ya mwisho ilikuwepo. Alichofanya ni kuongeza kitu kingine pembeni. Ujanani alikuwa na mpira wa kasi na mpira unaopinda. Mwaka 1974 mpira wake ulipimwa kwa vifaa vya wanasayansi ukatoka maili 100.9 kwa saa, na mpira wa namna hiyo unamfikia mpigaji kwa muda usiofika nusu sekunde. Umri ulipoanza kula kasi, akaukomaza mpira wa polepole, unaorushwa kwa mkono uleule na mwendo uleule lakini unachelewa kufika, mpigaji anazungusha rungu mapema. Mwaka 1989, miaka 42, aling'oa wapigaji 301. Ukijua wewe si mwepesi wa kuongea na wateja, jifunze angalau kuandika ripoti safi. Usisubiri mpaka ulimi ufunguke.

Sasa niwatahadharishe, kwa sababu mtu mkubwa ana mambo ambayo hayaigwi. Tarehe 14 Juni 1974, dhidi ya Boston, Ryan alirusha awamu 13, mipira inayohesabiwa kuwa 235, akang'oa 19 na kutembeza 10. Leo mrushaji akifika mipira 100 kocha anaanza kumtazama kwa wasiwasi. Wazee wa Texas watawasimulia mechi hiyo kama ushahidi kwamba vijana wa leo ni laini. Msiwaamini. Koufax, mrushaji mkuu wa miaka ya 1960, alistaafu mwisho wa 1966 akiwa na miaka 30, ametoka kushinda mechi 27, kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kimeharibika na madaktari walimwonya. Ni mwaka uleule Ryan alioingia ligi kuu. Mkono wa Ryan ulihimili, na hatujui kwa nini hasa. Mingi mingine haikuhimili, na mikono hiyo haina barabara zenye majina yake. Kwa hiyo bosi akikuambia upande dari la tano saa tisa mchana mwezi wa nane, na kichwa kimeanza kuzunguka, shuka. Joto linaua. Jambo la kuiga kwa Ryan ni baiskeli, ile mipira 235 mwachieni mwenyewe.

Jingine la kumwachia ni ugomvi wa tarehe 4 Agosti 1993, ambao ndio vijana wengi wanaujua kwa sababu video yake haifi. Robin Ventura, miaka 26, aligongwa na mpira, akamkimbilia Ryan wa miaka 46. Ryan akamkaba kichwa kwa mkono mmoja na kumtwanga kwa mwingine. Picha yake imetundikwa kwenye maduka na baa nyingi za Texas. Mzee hakufukuzwa uwanjani, Ventura ndiye aliyetolewa. Kazini kwenu mtafukuzwa wote wawili.

Mwisho wake ulifika wiki chache baadaye, tarehe 22 Septemba 1993, Seattle. Hakumng'oa hata mpigaji mmoja usiku ule. Aliwatembeza bure mmoja baada ya mwingine, kama zamani, akapigwa pigo la pointi nne, kisha kano ya kiwiko ikakatika. Alikuwa ameshatangaza kwamba huo ni msimu wake wa mwisho, zilibaki mechi chache tu. Akashuka kichuguu. Mwaka 1999 akaingia Jumba la Mashujaa wa besiboli la Cooperstown kwa kura 491 kati ya 497.

Lakini kama siku za katikati zilivyomjengea uchezaji, zilimjengea pia kitu cha kwenda kufanya baadaye. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe tangu anacheza, na hakuwahi kuliacha eneo la Alvin hata alipokuwa California, ndiyo maana Houston walimpata kirahisi mkataba wake na Angels ulipoisha. Mwaka 2008 akarudi Rangers kama rais wa klabu, na timu ikafika fainali ya ubingwa 2010 na 2011. Vitu hivyo havianzishwi siku kano inapokatika.

Kwa sisi, kitu hicho ni leseni ya ukandarasi. Texas wanataka miezi 48 ya uzoefu chini ya mwenye leseni, ndani ya miezi 72 ya mwisho, kabla hujakaa kwenye mtihani. Kwa hiyo tangu mwezi wako wa kwanza weka hati za mshahara zote, andika namba ya leseni ya kila uliyefanya kazi chini yake, na ukihama kampuni omba barua ya uthibitisho siku unayoaga, wakati bado mnasalimiana. Usisubiri mwaka wa nne uanze kumtafuta bosi aliyehamia jimbo jingine. Na yule asiye na 608, madarasa ya jioni huanza kujaa mwezi wa kumi, ajiandikishe mapema.